Jinsi ya Kugandisha Chokoleti Bila Friji

Jumamosi saa nne asubuhi, Shangazi alikuwa jikoni akikoroga kakao. Alitia bakulini vijiko vinne vya kakao, vijiko vitano vya sukari, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Kisha akaanza kuongeza maji ya moto kidogo kidogo, akiponda mabonge kwa mgongo wa kijiko mpaka uji ukawa laini na kung'aa. Watu wa haraka humwaga kakao moja kwa moja kwenye maziwa, halafu wanashangaa kwa nini wanakunywa vumbi. Shangazi hakuwa na haraka. Maziwa lita moja yalikuwa yameshachemka na yanapoa pembeni; akayachanganya na ule uji, akaonja, akamimina yote kwenye jagi la kioo. Kilichobaki ni kuyagawa kwenye trei za barafu, kuyaacha ndani ya friza mpaka kesho, kisha kuvisaga vile vipande kwenye blenda, ili Jumapili baada ya chakula familia inywe chokoleti ya barafu. Ndivyo ilivyokuwa ikinywa kila Jumapili kwa miaka mingi, bila kujiuliza inatoka wapi.

Wifi yake, yaani mke wa mdogo wake, akaingia kuchukua chumvi. Alikuwa mwanamke mpole wa sauti ya taratibu, ambaye hajamgombeza mtu tangu azaliwe. Yeye huomba tu. Akamweleza Shangazi kwamba kesho majirani wa ghorofa ya juu wangekuja, na kwamba siku moja, maneno yalivyokuwa yakienda, aliwaambia chokoleti hiyo anaitengeneza yeye mwenyewe. Sasa limeshatokea, funika kombe mwanaharamu apite. Wakiuliza, Shangazi asiseme kitu. Tena ingefaa akae huku huku jikoni, maana viti vya mezani ni sita.

“Sina neno,” Shangazi akasema.

Lakini ilimuuma. Alisimama na jagi mikononi, ikamuuma kweli kweli, na jagi likaganda. Halikuganda kwa mbwembwe. Maziwa yalianza kuwa mazito pembezoni, yakafanya chembechembe laini za kahawia, kisha jagi zima likashika na kioo kikaota ukungu mweupe kwa nje. Shangazi akaliweka mezani, akatafuta taulo ya kufutia mikono. Wifi akachovya kijiko, akaonja, akasema sukari ingeongezwa kidogo. Akachukua chumvi yake, akaenda zake.

Shangazi alikuwa na jina. Lilikuwa kwenye cheti cha kuzaliwa, limetunzwa vizuri, halijachakaa hata kidogo kwa sababu hakuna aliyelitumia. Watoto walimwita Shangazi, baba yao akafuata, mama yao akafuata, mpaka muuza maziwa naye akawa mpwa wake. Alikuja pale kwa wiki mbili, kumsaidia wifi yake alipojifungua mtoto wa kwanza. Mtoto huyo sasa ana miaka kumi na miwili na anavaa viatu vya mama yake, na Shangazi bado yumo katika wiki mbili zile zile. Alilala kwenye kichumba cha stoo pamoja na meza ya pasi, feni bovu, na maboksi ya vitabu vya shule vya mdogo wake. Vitabu hivyo alimnunulia yeye, enzi anashona mchana kutwa ili mwenzake asome. Kwa hiyo huwezi kusema alilala peke yake. Alilala na kumbukumbu nzuri.

Mdogo wake alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka sokoni na madukani akiwa na sanduku la mawe ya kupimia, kuhakikisha hakuna mnunuzi anayepunjwa hata gramu moja. Muuza unga akigusa mizani kwa kidole cha mwisho, Mkaguzi humwona kutoka ng'ambo ya barabara. Dhuluma alikuwa haipendi kabisa, ilikuwa ikimnyima usingizi. Nyumbani alikuja kupumzika.

Kulikuwa na kitu kimoja Shangazi alikitaka, na alikitaka sana hata akaona haya kukiwaza mbele za watu. Mtaa wa pili palikuwa na karakana ya kushona sare za shule, nao walikuwa wakitafuta mkata vitambaa. Shangazi aliaga kwamba anakwenda kununua vitunguu, akapita pale. Mama mwenye karakana akampa kitambaa cha kutosha mashati kumi na moja, akamwambia, haya tuone. Shangazi akaizunguka meza mara mbili bila kushika mkasi. Akazipeleka kola kwenye upenyo wa mabega, mifuko akaiegemeza kwenye mabaki ya mikono, akapiga chaki, akakata. Yakatoka mashati kumi na mawili, na kilichobaki kikatosha leso. Yule mama akayahesabu, akayarudia kuyahesabu, akasema kazi ikipitishwa watapiga simu, na kwamba nyuma ya karakana kuna chumba cha mkata vitambaa, si kikubwa, ila kina dirisha. Shangazi hakuwa na simu. Akaandika namba ya mdogo wake.

Tangu siku hiyo, kila jioni Mkaguzi aliporudi na sanduku lake, dada yake alimuuliza kama kuna mtu yeyote aliyepiga. Mkaguzi alikuwa akivua viatu, akijibu, “Bado, dada.”

Sasa turudi kwenye friji. Friji lilikuwa limekufa siku ile ile ya Jumamosi, kimya kimya, na Jumatatu akaitwa fundi. Fundi akalifungua mgongo, akasema kompresa imekwenda na haina haja ya kuombewa. Wifi akamwambia si shida sana, Shangazi naye anagandisha, ila wangependa kujua kama ni kitu cha kutegemewa. Fundi akatoa kipimajoto chake, akakibana kwenye kiganja cha Shangazi, akasubiri. Bahati nzuri Wifi alikuwa ametoka kusema kitu kuhusu namna Shangazi anavyotafuna, kwa hiyo kipimo kikasoma nyuzi tisa chini ya sifuri. Fundi akauliza kama anapiga kelele usiku. Wakasema hapana. Akauliza kama anavujisha maji chini. Hapana.

“Basi hii mna kitu cha maana,” fundi akasema. “Umeme haili. Msimweke karibu na jiko tu.”

Friji wakampa fundi kwa ajili ya vipuri, naye akawaletea makochi mawili ya kahawia, yamekaliwa kidogo tu. Pale jikoni lilipokuwa friji wakaweka kigoda, Shangazi akae.

Tabu ni kwamba hakugandisha kila siku. Kuna siku jagi lilikuwa gumu mpaka kijiko kikapinda, na kuna siku maziwa yalibaki vuguvugu, wageni wamekaa sebuleni na glasi tupu wanazungumzia hali ya hewa. Wifi alidhani ni kakao. Mkaguzi alidhani ni maziwa, akayapima, akakuta hayana maji. Aliyeligundua jambo ni binti yao. Shuleni walikuwa wamepewa zoezi la sayansi, wachunguze badiliko moja nyumbani kwa wiki tatu, na mwenzake wa dawati akawa amechagua kuota kwa maharage.

Binti akakaa jikoni na daftari. Akaandika: Jumatatu, Mama amesema chai ya Shangazi ina ladha ya sufuria, glasi mbili, imara. Jumanne, hakuna aliyemwambia kitu, maziwa ya kawaida. Jumatano, mdogo wangu amemshukuru Shangazi kwa kumshonea mfuko wa kaptura, maziwa yamefoka. Aliendelea hivyo mpaka wiki tatu zikaisha, mistari imenyooka kwa rula. Mwisho akaandika hitimisho, kwamba Shangazi akikosewa na akanyamaza, mikono hugandisha, asipokosewa, haigandishi. Mwalimu akampa kumi na tisa kwa ishirini. Hiyo moja iliondolewa kwa mwandiko.

Kuna familia zingesoma daftari lile zikaona haya. Hii ilisoma ikaona mwanga. Walikaa kwenye makochi mapya, Mkaguzi akalisoma mara mbili, akavua miwani, akasema jambo zuri hili lisije likaharibiwa kwa kufanywa ovyo. Kila kitu kina kipimo chake. Akaomba karatasi, akaandika madaraja matatu. Kosa dogo, kwa glasi moja hadi mbili, ni kama kusema chumvi imezidi wakati haijazidi. Kosa la kati, kwa jagi zima, ni kama kumsahau wakati wa kupakua chakula, au kuzungumza habari zake mbele yake kana kwamba hayupo. Kosa kubwa ni la beseni, na hilo lisitumike bila Mkaguzi mwenyewe kuridhia.

“Tusimzidishie,” akawaambia. “Ukitaka glasi moja, mkosee wa glasi moja. Ukipita hapo sasa unamdhulumu.”

Wote wakakubali kwamba hiyo ni haki. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Shangazi alisikia kila neno, kwa hiyo jioni hiyo kulikuwa na trei mbili za barafu ambazo hazikuombwa na mtu.

Ikawa utaratibu, na ulikwenda kistaarabu. Wifi alikuwa anabisha hodi kwanza. Anaingia, anasema samahani wifi, nina wageni wawili, kisha anasema la kusema, anasubiri kidogo, anachukua glasi na kushukuru kimoyomoyo, maana kushukuru kwa sauti kulikuwa kunaharibu. Binti alishika zamu za baada ya shule. Mvulana mdogo, wa miaka sita, alijaribiwa mara moja akaondolewa kwenye zamu. Alimwambia Shangazi ana miguu mibaya, akaenda mpaka mlangoni, akarudi mbio akilia na kumkumbatia magotini, na lita mbili zikayeyuka. Baba yake alisema mtoto huyu atapata shida maishani.

Utauliza, na Shangazi alinyamaza kwa nini? Mdomo alikuwa nao, na enzi zake akishona sokoni hakuna mteja aliyemrudishia nguo mara mbili. Alinyamaza kwa sababu alikuwa anahama. Mtu anayehama havunji vyombo. Alijiambia kwamba zimebaki siku chache tu simu ipigwe, achukue mkasi wake na nguo zake, aage vizuri, asiache nyuma maneno ya kufuatwa nayo. Akiwa amekaa kwenye kigoda, mikono imekufa ganzi mpaka kwenye viwiko, alikuwa akipanga kitanda kiegemee ukuta upi ili asubuhi mwanga wa dirisha usimpige machoni. Kila jioni aliuliza. Kila jioni, bado, dada.

Hapo ndipo Mkuu wa Idara aliposema angependa kufika.

Pale ofisini kwa Mkaguzi nafasi ya naibu ilikuwa wazi, na kila aliyeitaka alikuwa amekumbuka ghafla jinsi anavyompenda Mkuu. Mkuu naye alikuwa amesikia habari za chokoleti ya barafu. Akasema atakuja Jumapili na mke wake, na maofisa wenzake na wake zao, jumla watu kumi na wanane. Kumi na wanane si jagi. Mkaguzi akatoa idhini ya beseni.

Jumapili asubuhi, Wifi alianza kazi mara tu baada ya chai. Alisema nywele za Shangazi zimebaki tatu. Alisema shughuli ikianza apitie mlango wa nyuma. Alisema mengine ambayo hayakuwa hata kwenye karatasi, na kwa kweli alijitahidi, jasho lilimtoka. Beseni lilikuwa mezani, limejaa, limekorogwa vizuri, na mikono ya Shangazi imo ndani mpaka kwenye vifundo. Lakini mtu huzoea hata kiatu kinachobana. Maneno yaliyokuwa yanagandisha jagi mwezi uliopita sasa yalipoza kikombe. Ilipofika saa sita, beseni lilikuwa baridi kiasi cha maji ya mtungini, na wageni walitarajiwa saa saba. Binti akapitia daftari lake akasema dozi imezoeleka, inabidi ipandishwe.

Mkaguzi akaingia jikoni, amevaa shati jeupe ambalo bado halijafungwa vifungo vya mikono. Akafunga mlango.

“Dada,” akasema, “ile karakana walipiga.”

Shangazi akainua uso, na juu ya beseni ukapanda mvuke kidogo. “Lini?”

“Wiki ya tatu sasa. Walisema umepita, uanze tarehe mosi. Nikawaambia huitaki.” Akaangalia beseni. Ukingoni palikuwa pameanza kuwa peupe. “Waliuliza kwa nini, nikawaambia macho yamekwisha, siku hizi hata sindano huioni. Wakasema pole.”

“Na kila jioni nilipokuuliza?”

“Nilikuwa nakwambia bado.”

Shangazi alimtazama. Alikuwa ameusomesha uso ule. “Unasema kweli, au unasema kwa ajili ya wageni?”

Mkaguzi aliumia kidogo. “Dada, mimi tangu lini nikasema uongo?”

Beseni likaganda kwa mlio. Bomba la maji likaganda, sabuni ikanata kwenye kisahani chake, kioo cha dirisha kikawa cheupe kutoka chini hadi juu. Machozi yakamtoka Shangazi, yakagandia shavuni. Akatoa mkono mmoja kwenye beseni, akayabandua, akayatupa kwenye sinki. Mkaguzi akagonga chokoleti kwa kidole, akaridhika. Habari ile siku moja angelazimika kuisema tu, na sasa ameisema mahali ilipohitajika, haikupotea hata tone. Akafunga vifungo vya mikono, akaenda kupokea wageni.

Shughuli ilifana. Chokoleti ilikwanguliwa kwa kijiko cha chuma, ikatiwa kwenye glasi ndefu, na Wifi akapitisha sinia mwenyewe. Mkuu alikunywa ya kwanza bila kupumua, ya pili akashika paji la uso kwa baridi, ya tatu akaegemea kochi na kuulizia afya za watoto. Mke wa Mkuu alikuwa mtu wa kufuatilia. Alitoa kijitabu na kalamu kwenye mkoba, akamwomba mwenye nyumba amweleze inavyotengenezwa, maana kwake kila akijaribu inatoka majimaji.

Wifi akasema kakao. Akasema maziwa. Akasema sukari, na mapenzi. Mke wa Mkuu akauliza vijiko vingapi, na Wifi, ambaye hakuwahi kushika kile kijiko, akamtazama mume wake. Mkaguzi hakuweza kuvumilia kipimo cha kubahatisha kikiandikwa mbele yake. Akamwita dada yake aje aeleze.

Shangazi akasimama kwenye mlango wa sebule, aproni kiunoni. Hakuwa tena mtu anayehama, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kutunza vyombo.

“Vijiko vinne vya kakao,” akasema, “vitano vya sukari, chumvi kidogo, unaponda kwa maji ya moto. Maziwa lita moja, yaliyochemka yakapoa. Halafu unamtafuta mtu aliyekusomesha, unamlaza stoo. Akipata kazi na wenye kazi wakapiga simu, unawaambia haoni. Yeye akikuuliza, unamwambia bado. Unakaa nalo wiki tatu. Siku ya wageni unamwambia, mikono yake ikiwa imo ndani ya beseni. Itaganda. Ila awe mtu wa kunyamaza, maana akishasema, inayeyuka.”

Na ikayeyuka, kwenye glasi zote kumi na nane kwa pamoja. Wageni wakamalizia haraka haraka, kwa sababu kubakisha si adabu, na ofisa mmoja akaomba kitambaa, suruali ilikuwa imelowa. Shangazi alihisi vidole vikiwasha, kisha viganja, kisha joto likapanda mpaka kwenye viwiko. Aliogopa, na alikuwa na furaha, vyote viwili. Akangoja mtu mmoja kati ya wale watu wazima aseme lolote.

Mke wa Mkuu akainua kalamu. “Vijiko vya kakao, vya kujaa au vya kusawazisha?”

“Vya kusawazisha.”

Akaandika. Akarudi juu kwenye ukurasa, akapitia kwa kalamu, akafika mahali akamgeukia mumewe. “Huyo mtu sasa. Sisi tuna nani?”

Mkuu akafikiri. “Si yupo mama mdogo?”

“Ah, kweli. Mama mdogo.” Akaandika na hilo.

Mkuu akasimama kuaga. Akasema ameingia nyumba nyingi za maofisa, ila chache zinazoendeshwa kwa vipimo. Akaomba nakala ya ile karatasi ya madaraja matatu, na binti akamnakilia kwa mwandiko mzuri, amejirekebisha tangu ile alama moja. Mkaguzi alitangazwa naibu Jumanne.

Kabla ya hapo, Jumatatu, Shangazi alikwenda karakana mwenyewe, hakusingizia vitunguu. Nafasi ilikuwa imechukuliwa na bwana mmoja ambaye kwenye kitambaa cha mashati kumi na moja anatoa kumi, na akiulizwa anasema huo ni uzoefu. Mama mwenye karakana alisikitika sana. Akasema waliambiwa habari za macho. Shangazi akachukua sindano mezani, namba tisa, yenye tundu dogo, akatunga uzi mara moja bila kuulamba. Yule mama akasema naam, naona, lakini yule bwana ameshaleta kitanda chake na ameshatundika pazia dirishani. Ajaribu tena mwakani, shule zikikaribia kufunguliwa. Shangazi akairudisha sindano kwenye kitambaa chake.

Akarudi nyumbani, kwa kuwa ndiko nguo zake zilikokuwa. Mikono haikugandisha tena, kwa sababu sasa alikuwa anajibu. Wifi alibisha hodi, akasema mchuzi wa jana ulikuwa mzito, akasubiri; Shangazi akamwambia basi leo upike wewe mwepesi. Mkaguzi akajaribu la kati, akaambiwa la kwake, la enzi anavuja kamasi na kaptura moja, na watoto wakacheka. Maziwa yakaanza kuchacha mezani. Familia iliona imepata hasara kubwa, na ilimzungumzia kwa huzuni, kama watu waliofiwa. Fundi aliitwa akapima, akakuta nyuzi thelathini na sita, akasema hizi zikishaanza kujibu ndiyo basi, hazina vipuri. Hakuna aliyewaza kuondoa kigoda jikoni, wala meza ya pasi stoo.

Alhamisi alasiri ikalia simu ya Wifi. Alikuwa mke wa Mkuu. Awamu ya kwanza ilikuwa imetoka laini sana, ikawa kama uji, naye alitaka kujua kama mtu anakosewa kabla ya kutia sukari au baada. Wifi akasema hilo ni la kiufundi, akaipeleka simu jikoni.

Shangazi akaishika kwa kiganja chenye moto. “Huyo mama mdogo yuko hapo?” akauliza. “Naomba niongee naye.”

Ikasikika simu ikibadilishwa mikono, kisha sauti ya mtu mzima sana, yenye adabu, ikimshukuru kwa kupiga ingawa si yeye aliyepiga. Ilikuwa inatetemeka kwa baridi. Shangazi hakuzunguka. Akamwambia mama, chochote walichokufanyia, kiseme. Kiseme sasa hivi, kwa sauti, kabla hujaweka simu, wakusikie wote, na mikono itapata moto hapo hapo. Akamwambia mimi nilisema. Alizungumza haraka, kwa sababu alitaka angalau hilo moja litokee.

Upande wa pili, sauti ikashushwa ili wa nyumbani wasisikie.

“Mwanangu,” sauti ikasema, “nikishasema, nitalala wapi?”

Shangazi akaangalia mlango wa stoo. Nyuma ya ile sauti, mke wa Mkuu alikuwa akiwaita watoto walete glasi, kwamba sasa imeshika vizuri.